Soko la Wakulima Lisilo na Wakulima

Kuna jina moja ambalo limenikera kwa miaka mingi, na kwa kuwa riziki yangu hutokana na kupekuapekua maneno, naomba wasomaji waniwie radhi nianze na jina hilo kabla hatujaingia sokoni kwenyewe. Jina lenyewe ni "Soko la Wakulima". Nairobi wanalo, lile ambalo wengi hulifahamu zaidi kwa jina la Marikiti. Nasi Nakuru tunalo. Ukilichanganua jina hilo jinsi tunavyowafunza wanafunzi wetu darasani, utaona kwamba kile kipashio kidogo "la", ambacho wanasarufi hukiita a-unganifu, kinadai kuwa soko hilo ni mali ya wakulima, au angaa ni mahali ambapo wakulima ndio wenyeji. Hebu basi ingia humo alfajiri, wakati malori ya kutoka Molo, Mau Narok na Kinangop yanapopakuliwa. Utamkuta mchukuzi amejitwika gunia. Utamkuta mama mchuuzi akichagua kabeji za kupeleka kibandani mwake. Utamkuta mtoza ushuru wa kaunti na risiti zake. Na juu ya wote hao utamkuta yule ambaye siku hizi tunamwita broka. Mkulima hayumo. Mkulima aliachwa kijijini, kwenye lango la shamba lake, akihesabu noti chache alizotiwa mkononi, bila kujua mazao yake yatauzwa kwa bei gani wala yataliwa na nani.

Lugha yetu haina ukata wa maneno katika jambo hili. Mchuuzi ni yule anayenunua kidogo na kuuza kidogo ili apate chakula cha wanawe, na sioni sababu ya mtu kumdharau. Dalali, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni yule anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi akapewa ujira wake. Bidhaa si yake, wala hajifanyi kuwa ni yake. Mlanguzi naye hununua watu wanapokuwa na dhiki ya kuuza, akauza watu wanapokuwa na dhiki ya kununua. Broka wa Bonde la Ufa amejivika joho la dalali, lakini kazi yake aghalabu ni ya mlanguzi. Hata hivyo nisije nikamwonea. Yeye ndiye mwenye lori. Yeye ndiye anayekesha barabarani lori hilo linapokwama matopeni, na hasara ya mzigo uliooza njiani ni yake. Isitoshe, hulipa papo kwa papo, sifa ambayo wanunuzi wengi wenye heshima zao hawana. Anayetaka kumwondoa sharti kwanza atuambie ni nani atakayezifanya kazi hizo.

Tazama mambo yanavyokwenda katika viazi, zao ambalo nchini mwetu hufuata mahindi kwa umuhimu wa chakula, na ambalo Nakuru na Nyandarua ni miongoni mwa ngome zake kuu. Viazi huuzwa kwa gunia, lakini gunia si kipimo. Broka huja na gunia lake, akalijaza hadi mdomoni, kisha akaliongezea juu kofia ya wavu au ya gunia jingine lililoshonewa hapo, mzigo mzima ukapita kilo 110, wakati mwingine ukapita hata 150, na bei ikabaki ya gunia moja. Wenzetu wa Tanzania huliita gunia hilo lumbesa. Huku kwetu limepewa jina la mukurino, kwa kufananishwa na kilemba cheupe cha waumini wa dhehebu la Akorino, ambao nadhani hawakuulizwa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema wazi kwamba gunia lisizidi kilo 50. Kabla ya hapo, tangazo la serikali la mwaka 2005 lilikuwa limeweka kilo 110. Sheria basi ipo, na wakulima wanaijua. Mbona wanakubali kuibiwa mchana peupe?

Jibu limo ndani ya kiazi chenyewe. Aina inayotawala mashamba na masoko yetu ni Shangi, ambayo hukomaa upesi, huiva upesi chunguni na hupendwa na wauza chipsi. Lakini Shangi haijui kulala. Ikishachimbwa haikawii kuchipua, na kiazi kilichochipua hakina mnunuzi. Kabeji nayo ikishafunga haingoji. Ikikawia hupasuka shambani. Kwa hivyo mkulima wa Elburgon anapozungumza na broka hazungumzi kama mtu mwenye mali anayezungumza na mtu mwenye fedha. Ni mtu mwenye siku chache anayezungumza na mtu mwenye siku nyingi. Katika mazungumzo ya aina hiyo hata ukimpa mkulima mzani wa dhahabu hautamfaa, maana mwenzake anaweza kuondoka na kuingia boma la pili.

Historia ya Nakuru inatuonyesha kwamba hali hii si kudura ya Mwenyezi Mungu. Reli ilipofika hapa mwaka wa 1900 na walowezi wakaanza kupewa ardhi, hawakukaa langoni kumngoja broka. Walijiunga. Kenya Farmers Association, ambayo herufi zake KFA zingali jina la mzunguko mashuhuri wa barabara mjini Nakuru, ilianzishwa mwaka 1923. Mwaka 1925 kikaundwa chama cha ushirika cha maziwa, KCC. Mlowezi alijua kabla ya kupanda ni nani atakayenunua na kwa masharti gani, na serikali ya kikoloni ikamshika mkono. Mwafrika alifunguliwa mlango wa ushirika kwa sheria ya 1945, alipokuwa amekwisha kuachwa nyuma. Baada ya Uhuru tulirithi bodi za pareto, za maziwa na za nafaka. Kabeji, karoti, viazi na sukumawiki, yaani kile chakula tunachokila kila siku, hazikurithi chochote. Ziliachiwa lango la shamba na gunia lenye kilemba.

Wako waliojaribu kulitatua jambo hili kwa mitambo, na wanastahili shukrani. Mwaka 1997 lilianzishwa soko la mazao la KACE, ambalo baadaye lilitumia ujumbe wa simu kuwapasha wakulima habari za bei. Mwaka 2010 mabinti watatu wa Kenya walibuni huduma ya M-Farm kwa nia hiyohiyo. Katikati yake ilikuja M-Pesa, mwaka 2007, ikamwezesha mnunuzi wa mjini kumlipa mkulima wa Keringet bila ya kuonana naye. Kampuni ya Twiga Foods, iliyoanza mwaka 2014 kwa ndizi, ilijitahidi kumuunganisha mkulima na mwenye kibanda kwa simu. Fedha nyingi za wawekezaji zilimiminwa humo, lakini mwaka 2023 iliwaachisha kazi mamia ya wafanyakazi. Sisemi haya kwa kicheko. Nayasema kwa sababu yanafunza kitu: kumjulisha mkulima kwamba kabeji inauzwa kwa bei maradufu mjini ni kumjulisha tu kiasi anachopunjwa. Habari peke yake haimwondoi langoni. Kinachomwondoa ni mnunuzi ambaye amekwisha kutoa neno lake.

Hapa ndipo ninapotaka kulileta neno "kuagiza". Siku hizi neno hili limepungukiwa na uzito. Vijana huagiza chipsi kwa boda boda na kabla hazijafika wamebadilisha nia. Lakini katika sikio la anayekijua Kiswahili, agiza ina jirani zake: agana na agano. Anayeagiza amejifunga. Amesema, nitakuwapo, nitachukua, nitalipa. Soko la wakulima kwa maana yake halisi ni mkusanyiko wa maagizo ya namna hiyo; paa la mabati na lango lililopakwa rangi huja baadaye, na kama yasipokuja si hoja.

Wajapani walilitambua hilo mapema. Katika miaka ya 1970, akina mama wa mijini walioingiwa na hofu ya dawa zinazonyunyizwa mimea walipatana moja kwa moja na wakulima, wakakubali kuchukua kile ambacho shamba limetoa, kiwe kingi au kichache, na kulipa kwa utaratibu. Wakauita mpango huo teikei, yaani ushirikiano. Mwaka 1986 mipango inayofanana na huo ilianza Marekani, katika majimbo ya Massachusetts na New Hampshire. Kwetu pia mbegu hiyo imepandwa. Katika eneo la Molo na Njoro, vuguvugu la Slow Food lililozaliwa Italia limesaidia vikundi vya wenyeji kuyapa mazao yao majina yao: malenge ya Lare yanayovumilia ukame, kuku wa Mushunu wa Molo, na majani makavu ya thabai ya msitu wa Mau. (Thabai ni ule mmea unaowasha ngozi, ukishapikwa hauwashi, na mwenye shaka aonje.) Afrika Mashariki nzima, tangu mwaka 2007, tuna viwango vyetu vya mazao yasiyotumia kemikali, na alama yake ni Kilimohai. Kwa maoni yangu hilo ni miongoni mwa maneno mazuri zaidi yaliyoundwa katika lugha yetu siku za karibuni, na laiti lingejulikana sokoni kama linavyojulikana katika semina.

Nimeliona jambo hili likifanya kazi kwa kipimo kidogo. Mnamo 2020, kuanzia Aprili 6 hadi Julai 7, usafiri wa watu kuingia na kutoka Nairobi ulipopigwa marufuku kwa ajili ya Covid-19, bei zilivurugika na watu wakaogopa kusongamana masokoni. Sisi majirani wachache wanaofanya kazi chuoni, kaya 12 kwa jumla, tulipatana na kikundi cha akina mama wanaolima kwenye miteremko ya Mau. Kila Jumanne jioni orodha zetu zilipelekwa kwa simu kwa katibu wao, aliyeziandika katika daftari la mistari kama rejista ya darasa. Ijumaa adhuhuri pikapu ilifika na vikapu vyenye majina yetu.

Wiki za mwanzo zilikuwa za mtafaruku wa kiisimu, ambao mimi peke yangu niliufurahia. Mmoja aliagiza fungu la sukumawiki na kupokea la shilingi kumi, ilhali alidhani fungu ni mzigo wa kulisha nyumba siku tatu. Mwingine aliagiza gorogoro ya njegere, na yule katibu akataka kujua ni gorogoro iliyosawazishwa au yenye kilima. Katika mboga za kienyeji ndiko kulikokuwa na Babeli yenyewe. Mjaluo wetu aliagiza osuga, Mkisii akaagiza rinagu, Mkikuyu akaagiza managu, nami kwa ukaidi wa taaluma nikaandika mnavu. Katibu alipiga simu kuuliza kama hizo mboga nne tunataka zichanganywe. Ni mboga moja. Tangu siku hiyo alitutengenezea orodha moja yenye majina ya Kiswahili na uzito wa kilo, na ninaapa kuwa orodha hiyo ilifanya kazi nzuri ya usanifishaji kuliko makongamano kadhaa niliyohudhuria. Bonde la Ufa la kati ni mahali palipomwagika damu baina ya majirani, mwaka 1992 na tena mwaka 2007 na 2008. Si jambo dogo kwamba mtu wa kabila hili na mtu wa kabila lile hukubaliana juu ya kilo kwa lugha isiyo ya mama wa yeyote kati yao.

Taabu zilikuwapo. Kuna Ijumaa ambazo barabara iligeuka mto na pikapu haikutoka. Kuna Ijumaa nyingine vikapu vitatu vilipokosa wenyewe kwa sababu walikuwa wamesafiri bila ya kuaga. Akina mama wakaweka sharti: nusu ya malipo kwa M-Pesa siku ya kuagiza. Walionuna walinuna, lakini tangu hapo vikapu havikukosa wenyewe. Bei yetu haikuwa rahisi kupita ya sokoni kila wiki. Kabeji zilipojaa mjini tulilipa zaidi, na zilipoadimika tulilipa chini sana. Mkulima kwa upande wake alipata bei isiyoyumba, na ndicho alichokuwa akikitaka.

Lakini kaya 12 haziwezi kulibadilisha soko la Nakuru. Ni nani basi anayeweza? Hapa nawageukia walimu, ambao najua hulisoma gazeti hili katika chumba cha walimu hadi kurasa zikachakaa. Hakuna mnunuzi katika kaunti hii anayejua mapema mahitaji yake kama shule ya bweni. Mwenye hoteli hubahatisha wageni. Mwenye kibanda hubahatisha wateja. Shule inajua kwamba muhula utaanza wiki fulani na kumalizika wiki fulani, kwamba watoto watakaokula ni mia kadhaa, na kwamba siku fulani za juma watakula ugali kwa kabeji, wapende wasipende. Mnunuzi wa namna hiyo ni lulu. Na lulu hiyo aghalabu tunamkabidhi mwenye zabuni aliyeko mjini, ambaye naye hununua kwa broka, aliyenunua langoni mwa shamba, pengine umbali wa kilomita chache tu kutoka jikoni mwa shule.

Sasa tuufuate mviringo huu hadi mwisho. Yule aliyeuziwa lango ni mzazi. Ameuza kabeji zake kwa bei ya kutupa, na kwa hiyo hana karo. Mtoto wake anarudishwa nyumbani kuifuata karo hiyo. Wakati huohuo shule iliyomrudisha inanunua kabeji kwa bei ya mjini, huenda ni zile zile za babake, na gharama hiyo inaingia katika karo anayodaiwa. Sijui kama wanahisabati wana jina la kitu kama hicho. Shule nyingine, kwa busara, zimewahi kumruhusu mzazi alipe karo kwa magunia ya mahindi na maharagwe. Huo ni mwanzo mwema, ila unamwokoa mzazi mmoja mmoja baada ya kukwama, ilhali agizo lingemwokoa kabla.

Nitaambiwa kwamba sheria hairuhusu. Si kweli kwamba imefunga mlango. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inatambua upendeleo kwa makundi, na asilimia 30 ya zabuni za umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama wakulima kilichosajiliwa kina haki ya kuomba zabuni hiyo sawa na kampuni yoyote ya mfukoni. Tangu mwaka 2009 serikali imekuwa na mpango wa chakula cha shule kinachonunuliwa karibu na shule zenyewe, hasa katika sehemu kame. Haingii akilini kwamba linalowezekana penye ukame lishindikane Njoro.

Kizuizi cha kweli ni kingine, na hakisemwi hadharani. Shule hulipa kwa kuchelewa, maana fedha za serikali nazo huchelewa kuifikia shule. Mwenye zabuni wa mjini ana mtaji wa kungoja; mama wa Mau Narok hana. Akina mama wa kikundi chetu walinisimulia habari za shule moja, ambayo sitaitaja, iliyowaagiza kabeji kwa maneno ya mdomo. Walipofika na mzigo, mhasibu alikuwa mgeni, na mwenye zabuni mwingine alikuwa amekwisha kupakua wake. Kabeji zililiwa na ng'ombe. Waliponisimulia hawakuwa na hasira; walisema tu kwamba broka hajawahi kuwafanyia hivyo, na kwa hilo sikuwa na la kujibu.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba agizo la shule liwe limeandikwa, lipitishwe na bodi ya usimamizi ili lisife mhasibu anapohamishwa, litaje kilo badala ya magunia, na liambatane na sehemu ya malipo, hata kama ni robo. Lisiwe la mahitaji yote ya shule. Theluthi moja yatosha kwa kuanzia, ili mvua ikikatiza barabara watoto wasilale njaa. Serikali za kaunti, ambazo kwa Katiba ya 2010 ndizo zenye mamlaka juu ya kilimo na masoko, zingefanya la maana zaidi kwa kununulia kila kikundi mzani uliokaguliwa kuliko kwa kuzindua jengo jingine lenye jina la wakulima. Na walimu wa Kiswahili na wa kilimo wana kazi nzuri ya kuwapa wanafunzi: waandike pamoja mkataba huo, kwa lugha ambayo mzazi asiyekuwa na shahada ataielewa bila ya kutafsiriwa.

Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari. Shangi huhitaji takriban miezi mitatu ardhini, na kabeji huhitaji zaidi ya hapo ukihesabu na siku za kitaluni. Shule inayotaka viazi na kabeji za jirani yake mwanzoni mwa mwaka basi yapasa barua yake imfikie mkulima mwezi Septemba, kabla hajaamua apande nini, na kabla broka hajapita kuyakagua mashamba.